Ngoma ya Baba na Gita la Mjomba

Santuri ya kwanza niliyoiona ikivunjika ilivunjikia kichwani kwa kaka yangu. Baba aliiinua kwa mikono miwili, akaishusha, ikapasuka pande mbili, na damu ikateremka nyuma ya sikio la kaka mpaka kwenye kola ya shati. Kaka hakulia. Aliinama akaokota vile vipande, akavikutanisha aone kama vinaweza kuungana. Hapo ndipo baba alipokasirika kweli, akaenda kuchukua fimbo.

Naanzia hapo makusudi. Watu wakisikia nimekulia kwenye muziki wananiambia, "Aa, dada, nyie mlikula raha." Thubutu! Raha gani? Kwetu wimbo uliweza kukutoa jino. Mimi mwenyewe nina kovu juu ya nyusi, na nikiulizwa limetoka wapi nasema limetoka kwenye gita. Wanacheka. Mimi sicheki.

Kosa la kaka siku ile lilikuwa ng'ombe kuingia kwenye mahindi ya jirani. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na kile kinanda cha santuri cha mjomba, anasikiliza, macho kayafumba, ng'ombe nao wakajikaribisha. Kwa mfugaji hilo ni kosa, sibishi. Lakini fimbo aliyokula siku ile haikuwa ya mahindi. Jirani mwenyewe alikuja kumwombea, akaambiwa arudi kwake akahesabu mabua yake.

Baba yetu alikuwa Msukuma. Alishuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, akafika Sibwesa, akaona majani, akasema hapahapa. Alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbishaji wa kundi lake, na nisimpunje haki yake: alikuwa manju hasa. Akianza kuimba, mtu mwenye tonge mkononi alilirudisha sahanini. Ila mkono uliopiga ngoma ndio huohuo uliotupiga sisi. Ng'ombe aliwapiga kwa kipimo, maana ng'ombe akivunjika mguu ni hasara. Sisi alitupiga mpaka achoke. Nimemwona mama akipandikiza mpunga kifua kimefungwa kitenge kwa sababu ya mbavu, mkono mmoja kwenye maji, mwingine kiunoni, na akipita mtu anamsalimia vizuri tu, "Habari za kwenu."

Mama alikuwa Mpimbwe, mwenyeji, mtu wa mpunga na rozari. Kaka yake, mjomba wetu, alikwenda ujanani kuchimba shaba Zambia. Akarudi anakohoa, na mzigo wake mkubwa ulikuwa sanduku la santuri na kinanda cha kuzichezea, kile cha betri chenye mfuniko. Alifia nyumbani kwetu, chumba cha pembeni ya ghala, na kabla hajafa alisema mbele ya watu kwamba sanduku ni la kaka. Baba akataka lichomwe, eti lina kikohozi cha marehemu. Mama, ambaye maisha yake yote sikuwa nimemsikia akimwambia baba "hapana", alisema hapana. Alipigwa kwa sababu ya hapana hiyo. Sanduku likabaki.

Humo ndani nyingi zilikuwa za vijana wa Zambia wa miaka ya sabini, watoto wa miji ya migodi. Jalada moja wamesimama juu ya kifusi cha mgodi, nywele zimefura, suruali zimepanuka chini zinafagia vumbi, nyuso zimenuna utadhani wamesingiziwa wizi. Jingine lilikuwa rangi tupu, chungwa na zambarau zinatiririka, na herufi zimepindapinda hata mwalimu wetu wa Kiingereza alizigeuza juu chini akashindwa kuzisoma. Na gita lao, jamani! Halikuwa gita la dansi tulilozoea redioni, lile linalokubembeleza. Hili lilikwaruza. Lilivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Mjomba alitueleza kwamba wanalipitisha kwenye kisanduku kinacholichafua makusudi, na sisi tukaona huo ni wazimu, mtu kununua gita zima halafu alichafue. Nyuma ya gita kulikuwa na kinanda cha kupigwa kwa vidole kinacholia kwa kuyumba, kinapanda kinazama, na wimbo mmoja uliweza kumaliza upande mzima wa santuri bila mtu kuimba neno. Zilikuwepo chache za Wazungu pia, wale wa nywele ndefu na moshi. Kaka alizisikiliza kwa heshima. Lakini za Wazambia alizisikiliza akiwa ameweka kiganja kwenye sanduku la spika, kama mtu anayepima homa.

"Hawa walishuka mgodini wakatoka," aliniambia. "Ndiyo maana wanapiga hivi. Hawana muda wa kubembeleza mtu."

Kilichomuuma baba ni kwamba kaka alikuwa kifungua mimba, na mkono wa ngoma alikuwa nao. Baba alijua. Kila mtu alijua. Ukimpa fimbo za ngoma hata akiwa na usingizi, mkono wake haukuteleza. Watu walisema fahali wawili hawakai zizi moja, wakadhani wamemaliza maneno. Mimi nasema baba hakumwona kaka kama fahali. Alimwona kama mtoto aliyeletewa urithi na mwanamume mwingine akaupokea.

Basi kaka akakimbia. Alikwenda Mpanda mjini na sanduku lake kichwani, akabeba mizigo stesheni, akashona viatu, na baadaye akapata kibanda Kashaulili, karibu na soko, cha kurekodi kanda. Miaka hiyo ya tisini kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Mtu anakuja na kanda tupu, anachagua nyimbo, anarudi kesho kuichukua. Mimi nilipofaulu kwenda sekondari nikahamia kwake, tukapanga chumba Makanyagio. Nikitoka shule napika, nikimaliza kupika nakwenda kibandani kugombana na wateja. Kugombana nilikuwa najua. Mdomo wangu haujawahi kulala, hata leo.

Hausi, muziki wa disko wa Wamarekani weusi, ilitufikia kwa treni. Rafiki wa kaka, mhudumu wa mabehewa, alimletea kanda zilizorekodiwa kwenye madisko ya Dar es Salaam, na nyingine zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba nusu yake ni mvumo. Mara ya kwanza kaka kuiweka alisimama wima. Pigo moja la ngoma, du, du, du, du, halipungui, haliongezeki, halichoki. Juu yake vidole vizito kwenye piano. Halafu mwanamke mweusi wa Marekani, sauti ya kwaya kabisa, anarudia maneno mawili tu, anayarudia, anayarudia, mpaka unaanza kuyaamini na huyajui maana yake. Majina ya waimbaji hatukuyajua. Kwenye kanda waliandika "Hausi" na namba, basi. Kwa muda mrefu niliamini yule mwanamke ni mmoja, nikamhurumia kwa kazi nyingi.

Vijana wa Mpanda waliichukua hausi kwa mikono miwili. Gita la mjomba hawakulitaka kabisa. Kaka, kwa ukaidi wake, kanda ikibaki nafasi kidogo mwishoni alikuwa anawawekea wimbo wa Wazambia, zawadi. Lo! Watu walirudi wamewaka. "Umeniharibia kanda! Sikiliza, inakwaruza!" Mchinjaji mmoja wa pale sokoni hakusubiri maelezo, alipitisha ngumi dirishani ikampata kaka mdomoni, meno yakaingia kwenye mdomo wa chini. Kaka akatema damu kwenye kopo, akamwambia taratibu, "Ndivyo linavyotakiwa kulia, ndugu yangu." Yule akampiga ya pili.

Ngumi za wateja zilikuwa mchezo. Aliyetuogopesha alikuwa baba. Kila mnada wa ng'ombe alikuja mjini, na akishamaliza biashara zake alikuja Kashaulili. Anasalimia wauza nyanya wote, anauliza habari za watoto wao, anacheka, halafu anafika kibandani anamvuta kaka kwa kola kupitia dirishani na kumshushia fimbo mbele ya soko zima. Kaka ana ndevu! Mtu mzima, ana wateja, ana msichana anayemtazama kutoka duka la vitambaa! Na soko lote linanyamaza, maana ni baba na mwanawe, nani aingilie? Siku moja mimi niliingilia. Nilimmwagia chai ya moto mgongoni. Akageuka na fimbo ileile, ndipo nilipopata hili kovu. Nikiwa chini nikamsikia akimwambia kaka, "Ngoma yangu itapigwa na nani nikifa? Na hao wagonjwa wako wa Zambia?"

Kaka aliniosha damu usiku huo. Asubuhi akaniambia, "Sitaki kitu kingine duniani. Nataka nitembee mjini bila kugeuka nyuma." Hilo ndilo lililokuwa linamla. Hakutaka utajiri wala sifa. Alitaka kutoka kwenye fimbo ya baba yake.

Sasa, baada ya mavuno, Wasukuma wana desturi ya kushindanisha ngoma. Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, na kila manju ni wa upande mmojawapo. Wanakutana uwanja mmoja, kila mmoja na duara lake, wanapiga kwa wakati mmoja, na mchana kweupe, ili kila mtu amwone kila mtu. Jaji hakuna. Watu wanaamua kwa miguu: wanaondoka huku wanakwenda kule, wanarudi, wanasita katikati, mpaka jua linapoinama duara moja limejaa na lingine limebaki na mbwa na wagonjwa. Aliyebaki na mbwa ameshindwa. Wanaume wamehama kijiji kwa aibu hiyo.

Baba alikuwa wa Bagalu. Mwaka ule manju wa Bagika aliugua miguu, hawezi kusimama, na wazee wakaja nyumbani kusema mashindano hayapo. Baba akafurahi, akaanza kutamba. Kaka na mimi tulikuwa tumefika siku hiyohiyo kumletea mama dawa za malaria, na baba alikuwa ameshamkaribisha kaka kwa namna yake, mdomo umevimba upande. Baba akawaambia wazee, "Mwanamume wa kusimama nami Sibwesa hii hayupo tena."

Kaka akasema, "Nitasimama mimi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na togwa. Baba alicheka kuliko wote. "Na ngoma gani? Ya kukohoa?"

"Na mashine zangu. Nikishinda, fimbo yako hainigusi tena mpaka tunazikana."

Kicheko kikaisha. "Ukishindwa," baba akasema, "unarudi kuchunga. Na sanduku la mjomba wako nalichoma pale uwanjani, watu wakiona."

"Imesikika," akasema mzee mkubwa, na ikawa imekwisha. Mbele ya wazee, neno likishasikika halirudi. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, homa imempanda, mwiko mkononi. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kaka alirudi Mpanda akaazima dunia nzima. Alikuja siku ya mashindano juu ya lori la mizigo, na jenereta, spika zilizofungwa kwa kamba, mashine ya kanda, na kile kinanda cha mjomba amekipakata mapajani kama mtoto. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika sanduku. Kama angeshindwa, nilijua baba asingechoma santuri tu, angemvunja kaka roho, na kaka alikuwa ameshakaribia kuvunjika.

Uwanja ulijaa. Baba alikuwa amevaa ngozi na njuga, ngoma zake zimepangwa, wachezaji wake wameshika majembe. Kundi lake lilijulikana kwa hayo: wanarusha jembe juu, linazunguka, wanalidaka pigo linapoanguka, wote kwa pamoja, na chuma kinamulika jua. Ukikosea pigo umepoteza mkono. Wake wa manju na wanawake wa upande wake wanasimama ndani ya duara lake wakipiga vigelegele, ndiyo desturi, na mama alisimama pale na homa yake.

Kaka alianza na gita. Nilitaka kumzaba kibao. Alianza na ule wimbo mrefu usio na maneno, na gita likatoka kwenye spika likachana uwanja, watoto wakaziba masikio, mbuzi wakakimbia. Watu wakacheka. Waliokuwa upande wetu wakaondoka wote, mpaka dereva wa lori.

"Weka hausi, we mjinga!" nilimpigia kelele. "Utatuua!"

Mkaidi kama baba yake. Aliacha wimbo uendelee mpaka alipoona mwenyewe tumebaki na mbwa. Ndipo akaweka kanda. Du, du, du, du. Ardhi ikatikisika chini ya kandambili zangu. Vijana wakageuka. Wakaanza kuja wanatembea, halafu wanakimbia, wachunga ng'ombe na fimbo zao mabegani, wasichana wa kisima, wanafunzi, wakarukaruka pale kwenye vumbi mpaka sikuwaona miguu. Vijana kwetu, watu wazima kwa baba. Uwanja ukagawanyika katikati na ukakataa kusogea. Jua likaanza kuinama.

Baba akaamua kummaliza. Manju akitaka kummaliza mwenzake anamtungia wimbo wa kumkejeli palepale, na baba kwa hilo alikuwa bingwa. Akaimba kwamba mwanawe hakuzaliwa na mwanamume, alikoholewa. Akaimba kwamba mjomba mtu alikwenda Zambia kutafuta mali akarudi na makohozi, akayaweka kwenye sanduku, akamrithisha mpumbavu. Akaigiza kikohozi, kilekile, kile cha siku za mwisho, cha kuvuta na kukwama, kwa mapigo ya ngoma. Watu wakaangua kicheko. Hata vijana wetu wakaanza kuvuka kwenda kusikia. Nilimwangalia mama, sikuona uso wake.

Kaka alikuwa amesikia. Akafungua sanduku. Hakuzima hausi. Akaiacha ipige, akaweka santuri ya wale vijana wa kwenye kifusi juu ya kinanda cha mjomba, akaunganisha waya, akashika santuri kwa kidole, akaisubirisha, akaiachia.

Sijasikia tena kitu kama kile. Gita lililokuwa linafukuza mbuzi lilikaa juu ya lile pigo likatulia, likapata mgongo wa kupanda. Lilinguruma na likatembea. Wale Wazambia na yule mwanamke wa Marekani, ambao hawakujuana wala hawatajuana, walikuwa wanaimba wimbo mmoja kwenye vumbi la Sibwesa, na kaka analia wazi, makamasi yanamtoka, kidole bado kiko kwenye santuri anaisukuma kidogo, anaivuta kidogo, isiache pigo.

Na mama akatoka kwenye duara la baba.

Alitembea polepole, kwa sababu ya homa. Alivuka uwanja mtupu peke yake, watu wote wanamwona, mke wa manju, kanga imemdondoka bega moja. Vigelegele vikakatika. Alifika kwetu, akasimama mbele ya spika, akafumba macho, akaanza kucheza kwa mabega tu, kama Wapimbwe wanavyocheza wakiwa na msiba. Nyuma yake mwanamke mmoja akavuka. Halafu wawili. Halafu wote, na waume zao wakawafuata.

Ngoma za baba zikayumba. Wapigaji wake walikuwa wanasikia pigo letu kuliko lao, mikono ikaanza kuifuata hausi bila wao kutaka. Mchezaji mmoja akarusha jembe kwa pigo la baba, mwenzake akasogea kwa pigo la kaka, na jembe likashuka likampata yule wa pili begani, likakata mpaka nikauona mfupa. Alipiga yowe. Damu ikaruka kwenye ngozi ya ngoma. "Dawa! Wametutupia dawa!" wakapiga kelele, na wakatujia na mipini. Vijana wetu wakawapokea kwa fimbo za kuchungia. Nilimwona mtu akipigwa jiwe la uso akakaa chini kama anayepumzika. Spika moja ikapasuliwa kwa jembe. Kaka alijilaza juu ya sanduku, wakampiga mgongo mpaka wazee walipoingia katikati na fimbo zao za heshima.

"Basi!" mzee mkubwa akasema. "Miguu imeshasema."

Baba aliweka fimbo za ngoma chini. Hakumwangalia kaka. Alimwangalia mama, akaondoka.

Na alitimiza neno lake. Hilo nalisema kwa haki. Kesho yake asubuhi kaka alipita mbele yake kwenda kuchota maji na baba akasogeza mguu ampishe. Kaka alirudi pale uwanjani tulipoacha lori, anachekacheka mwenyewe, mgongo umevimba, akaniambia, "Umeona? Amenipisha." Nilifurahi kwa ajili yake mpaka machozi.

Ndipo tuliposikia mama akilia kutoka zizini kwetu, ng'ambo ya uwanja.

Tulikimbia. Baba alikuwa amemlaza kwenye samadi na fimbo inapanda na kushuka, na hakuwa na haraka, alikuwa anapiga kwa pigo sawasawa. Sikio la mama lilikuwa limechanika. Kwa kila fimbo alikuwa anamwambia, "Vuka. Vuka tena nikuone." Kaka akamwita. Baba akageuka, anahema, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe sikugusi. Nimeapa mbele ya wazee. Pita zako." Akaendelea.

Ilikuwa kweli. Katika masharti yote yale, mama hakutajwa. Fimbo ilikuwa imeondolewa kwa mtu mmoja, na huyo mmoja sasa alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, mzima, huru, anatazama.

Kaka alichukua mpini wa jembe. Kwetu mtoto hampigi baba. Mtoto akimpiga baba ametengwa, hakuna wa kumpa moto wala chumvi, na watu wanasema hata mvua inamkwepa. Alijua. Alimpiga kwenye mkono ulioshika fimbo, juu ya kiwiko, na nilisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu ya kuni. Baba akaanguka kwa magoti. Kaka akapiga tena palepale. Na tena. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikuwa nimeshika mti wa zizi napiga kelele, "Mpige! Mpige!"

Mama aliinuka. Sijui alipata wapi nguvu. Alitambaa kwenye samadi akajilaza juu ya baba, mpini ukasimama hewani. Kisha akasimama mbele ya kaka, damu ya sikio inamtiririka kifuani, akamzaba kofi.

"Mama," kaka akasema, "atakuua huyu."

"Jana nilivuka uwanja," mama akasema, "watu wote wakiniona, ili wewe utoke kwenye hii fimbo. Nilijua nitalipia. Nilitoka nikijua." Akashika ule mpini, hakumnyang'anya, aliushika tu pale kilipokuwa kiganja cha kaka. "Sasa umeirudia mwenyewe, kwa upande wa kushikia."

Kaka alifungua vidole. Mpini ukaanguka. Mama akamgeuzia mgongo, akaniambia nikachemshe maji na nilete vijiti vya kuufungia mkono wa baba yangu.

Mkono ule uliunga vibaya. Haukuinuka tena kupita kifua, si kwa ngoma wala si kwa fimbo. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, alipanda mpunga wake, alizeeka na baba wakilishana, na hakupigwa tena hata siku moja. Na katika miaka hiyo yote hakumtaja kaka kwa wema. Akiletewa salamu zake alisema "nimesikia", basi.

Aliyemshukuru ni mimi. Kaka aliacha kibanda, akawagawia vijana kanda za hausi, na nikamsindikiza stesheni ya Mpanda akiwa na begi moja la nguo, sanduku la mjomba hakulibeba. Honi ilikuwa imeshalia. Nikamshika mkono dirishani nikamwambia, "Asante, kaka, kwa ajili ya mama." Aliuvuta mkono wake kama ameungua, akaniambia nisithubutu kumwambia neno hilo tena maisha yangu yote.